Maharagi Yaliyofunikwa Bulangeti

Ninyi vijana wa kilimo munaokuja kwangu hapa Goma, mutaa wa Katoyi, na simu zenu kubwa, munaniuliza kila mara: "Mama, kazi yako ilikuwa nini sawasawa?" Na miye kila mara najibu vibaya. Nikisema nilikuwa ninafungisha maharagi ndoa, munacheka. Nikisema nilikuwa ninatafuta haragi lisiloogopa baridi, munanyamaza kwa heshima, na heshima hiyo inanitia mashaka kuliko kicheko. Basi nimeona afadhali niandike. Sijui kama nitaandika muzuri. Primaire niliimaliza, masomo ya juu niliyagusa na ncha ya kidole tu. Kwa hiyo mukikuta hapa neno la jeni limekaa vibaya, musimulaumu Ingénieur Justin, mukubwa wetu wa stasio ya utafiti wa mbegu, maana yeye alinieleza vizuri. Mulaumu sikio langu. Na sikio langu nalo lisilaumiwe sana, kwa sababu alikuwa anaeleza huku anakula.

Tuanze na ndoa yenyewe.

Ua la haragi ni nyumba ya ajabu. Ndani muna bibi mumoja na mabwana kumi, na mulango umefungwa. Kabla ua halijafunguka, harusi imekwisha kufanyika, na hakuna mutu aliyealikwa. Njo maana haragi linafanana na mama yake, na mama yake na nyanya yake, bila mwisho. Ukitaka damu mupya, lazima uingie mapema. Unachagua chipukizi lililonona, lililoanza kuonyesha rangi lakini bado limefumba. Unafungua petali polepole na koleo ndogo. Unatoa mabwana wote kumi bila kumugusa bibi. Kisha unaleta poleni ya baba unayemutaka, unamupaka bibi kichwani, unarudisha petali kama ulivyozikuta, unafunga uzi wa rangi kwenye shina la ua. Halafu unapumua. Kupumua kunakuja mwisho. Ukipumua katikati, poleni yako inavuka mupaka inaingia Rwanda bila karatasi.

Aliyenifundisha ni Muzee Bahati. Yeye alikuwa na vidole kama ndizi za kuchoma, na sielewi mupaka leo namna vidole vile viliingia ndani ya ua dogo kuliko ukucha wa mutoto. Sheria zake zilikuwa chache: usipake mafuta yenye harufu, kata kucha, fanya kazi asubuhi kabla jua halijachoma, na usiwaze watu wa familia. Hii ya mwisho nilidhani ni muchezo. Siku moja alikuja nyuma yangu, akaangalia ua nililokuwa nimeshika.

"Mama, leo uko na hasira?"

"Hapana, muzee."

"Uongo. Umeng'oa bibi pamoja na mabwana. Nani amekuudhi?"

"Wifi yangu."

"Basi leo utamwagilia maji. Wifi akiwa kichwani, hakuna ndoa itasimama."

Na alikuwa na haki. Jaribuni ninyi wenyewe.

Sasa niwajulishe bwana na bibi harusi wetu. Bibi tulimuita Madame: haragi kubwa, jekundu lenye madoa, linapanda muti mupaka juu, maua yake meupe. Likipikwa, jirani anakuja kukuomba chumvi ambayo haitaki. Lakini Madame akisikia baridi anaanguka kama amesikia habari ya musiba. Bwana tulimuita Makaa: dogo, jeusi, fupi, maua ya zambarau, limetoka juu sana kwenye milima. Baridi haimufanyi kitu. Tatizo la Makaa ni kwamba ukiyapika tangu asubuhi, jioni bado yanakuangalia. Na ladha yake, niseme kwa upole, ni kama kulamba kifuniko cha sufuria.

Tulifungisha ndoa. Maganda yakakomaa, tukafungua, na mbegu zilizotoka zilikuwa nyekundu zenye madoa. Madame mutupu. Hata alama moja ya Makaa hakuna. Mupishi wa stasio akapita akachungulia.

"Eeh, Muzee Bahati, huyu baba amedanganywa. Watoto si wake."

"Nyamaza, weye. Ganda la mbegu ni nguo aliyoshona mama. Mutoto yuko ndani."

"Wote wanasemaka vile."

"Ngoja maua."

Tulingoja. Tulipanda zile mbegu, na zilipotoa maua, yalikuwa ya zambarau mustari muzima. Muzee Bahati akaenda kumufuata mupishi jikoni, akamushika mukono, akamuleta mbele ya maua kama mutu anayepeleka shahidi mahakamani. Mupishi aliangalia, akasema: "Sawa, baba amejulikana. Lakini mboga ya leo inaungua." Kweli iliungua, na tuliila hivyo. Mukumbuke jambo hilo: usihukumu ndoa ya maharagi kwa rangi ya mbegu ya kwanza. Watoto wa kwanza wote wanavaa uniforme moja. Wajukuu njo wanatawanyika: huyu anapanda muti, huyu anakaa chini, huyu mwekundu, huyu mweusi, huyu anatetemeka, huyu hajali. Kazi yote iko kwa wajukuu.

Ila, utajuaje mujukuu gani hajali baridi? Lazima apigwe na baridi. Na hapo njo vichekesho vyetu vilianzia.

Ingénieur Justin alinunua frigo huko soko la Birere. Ililetwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, vijana wawili wanasukuma, na Ingénieur anakimbia pembeni anasema "polepole, polepole, ni science hiyo!" Frigo ile ilikuwa ya muuza samaki. Tuliisafisha na sabuni, ndimu, majivu, lakini ukiifungua tu unajikuta kwa wavuvi wa Vitshumbi, mitumbwi imefika. Tuliweka miche ndani ya makopo. Paka wa quartier, mutaa wetu wote, wakaanza kukaa mbele ya mulango wa stasio kama watu wanaongoja visa. Siku moja mulango ulibaki wazi kidogo. Paka mumoja aliingia, akatafuta samaki, hakuona, akakata tamaa, akalala juu ya wajukuu wa Makaa. Tulipomukuta, miche yote ilikuwa imelala chini, na yeye amevimba kwa uvivu. Ingénieur akaandika kwenye rapoti kwamba matokeo "yalisumbuliwa na munyama." Muzee Bahati akasema paka peke yake njo ameonyesha uvumilivu wa baridi, tumupande yeye.

Halafu courant, umeme wa Goma, munaijua. Baridi ya frigo inakuja na kuondoka kama mugeni asiye na adabu. Ingénieur akasema tunahitaji baridi isiyotegemea waya. Njo tukapanda milimani Masisi, kwa Mama Espérance.

Mama Espérance alikuwa mujane mwenye shamba zuri mahali pabaya. Shamba lake liko ndani ya shimo kati ya vilima viwili, na asubuhi baridi inatelemuka kutoka juu kama maji, inajaa pale, inakaa. Maharagi yake yalikuwa yanapanda vizuri, yanatoa maua vizuri, halafu baridi inauwa poleni ndani ya ua, na maganda yanakuja matupu kama mufuko wa shati mupya. Watu walisema mengi. Wengine walisema anapanda akiwa na njaa, wengine walisema uchawi. Lakini neno zito lilikuwa la shemeji yake, Papa Rukundo, kaka mukubwa wa marehemu mume wake, mwenye ng'ombe.

"Shemeji," alimuambia mbele yetu sote, "maharagi yakikataa tena musimu huu, ng'ombe wangu wanaingia. Hili shimo Mungu aliliumba kwa majani ya ng'ombe."

"Na watoto wangu wakule majani?"

"Watakunywa maziwa."

"Maziwa yako? Tangu lini umegawa maziwa?"

Niseme haki ya kila mutu. Papa Rukundo hakuwa mutu mubaya. Ng'ombe wake walikuwa wamekonda kweli, mbavu nje, na nyumba ya Mama Espérance ni yeye aliyeiezeka marehemu alipoondoka. Lakini shamba likienda, yule mama angebaki na nyumba iliyoezekwa na sufuria isiyo na kitu ndani. Hiyo ilikuwa hesabu yenyewe, na kila mutu pale aliijua.

Basi tukapanda wajukuu shamba nzima, fito kwa fito. Hapa na pale tukapanda Madame peke yake, awe témoin, maana yake shahidi: yeye akianguka, tunajua baridi imepita kweli. Ingénieur akamueleza Mama Espérance kwa sauti nzuri ya shule: "Mama, baridi njo mwalimu. Itawapa hawa examen, mutihani wao. Wenye kuanguka waanguke. Wenye kubaki, mbegu zao wa kwanza kuzipata ni weye." Mama Espérance akaitikia na kichwa. Alisikia vizuri kabisa. Tulishuka Goma tumefurahi.

Tulirudi wakati maganda yanajaa. Ilikuwa alasiri. Ingénieur alitangulia, mara tukasikia anapiga kelele. Tukakimbia. Shamba toka juu, pale tuliposimama, lilikuwa kijani, maganda yamening'inia kama pete za masikio siku ya Noeli, hakuna ua lililoanguka, hakuna jani lililoungua. Ingénieur akaanza kucheza ndani ya buti zake za mupira. "Jeni! Jeni zimekubali zote!" Aliteleza, akakaa kwenye tope, akaendelea kucheza akiwa amekaa.

Muzee Bahati hakucheza. Alikuwa amesimama mbele ya Madame, yule shahidi. Madame naye alikuwa amejaa maganda, ananenepa, anashangilia maisha.

"Ingénieur," akasema, "huyu alipashwa kuwa amekufa."

"Pengine amejifunza kwa wengine."

"Maharagi hayajifunzi."

Tukala, tukalala kwa Mama Espérance, na niseme ukweli, tulilala vibaya. Kitanda kilikuwa na shuka moja jembamba. Nilijisemea moyoni: masikini mama huyu, hana hata bulangeti. Nilimuonea huruma mupaka meno yangu yakagongana.

Jua lilipochungulia tukatoka nje kujinyoosha. Tukaona bulangeti zote.

Zilikuwa shambani. Bulangeti za nyumba ile, na za majirani, na vikwembe, vitenge vya kujifunga vya wamama wa kwaya, na pazia la kanisa dogo, vimefungwa toka fito mupaka fito, kama siku ya kufua ya chefferie nzima, vijiji vyote vya chifu. Katikati ya mistari kulikuwa na majiko ya udongo yanafuka moshi wa samadi. Na Mama Espérance na wenzake walikuwa wanafunua haragi moja moja, taratibu, kama munavyofunua mutoto asubuhi ili asishtuke.

"Mama Espérance!" Ingénieur akaita. "Munafanya nini?"

"Tunawaamsha."

"Lakini... nilisema baridi iwape examen!"

"Njo maana, Ingénieur." Alimuangalia kwa mushangao wa kweli. "Mutoto wako akienda examen, utamutuma bila sweta?"

Miye nilikuwa na watoto, nikajua ningefanya vile vile. Na wale wamama wa kwaya walikuwa wamepangana zamu tangu maua ya kwanza, hawakukosa jioni hata moja. Sijawahi kuona kazi iliyofanywa kwa bidii namna ile ya kuharibu kazi nyingine.

Mwisho wa mustari mumoja kulikuwa na fito iliyovaa kabuti kubwa la kijeshi, lenye vifungo. Muzee Bahati akalizunguka.

"Na hili la nani?"

Mumama mumoja wa kwaya akacheka kwenye kiganja. "La Papa Rukundo. Tulimuambia: weye kila siku unasema unapenda watoto wa marehemu, na bulangeti hatuna tena. Aliona haya, akavua."

Ingénieur akakaa juu ya jiwe. Akaeleza kwamba musimu umekufa: kama hakuna aliyepigwa na baridi, hatuwezi kujua nani ni nani, na mbegu ya kuliokoa shamba hatuna. Mama Espérance alisikia neno musimu, akaelewa mengine yote peke yake. Akakaa chini katikati ya bulangeti zake, akafunika uso. "Nimejipokonya shamba na mikono yangu mwenyewe," akasema. Nilikwenda kukaa karibu yake.

Papa Rukundo naye akafika na fimbo yake, amesikia kelele. Alieleza kwamba anasikitika, lakini neno lake ni neno: haragi linalozaa chini ya bulangeti tu ni haragi lililokataa, na ng'ombe hawali masikitiko. Hapo Muzee Bahati akainua kabuti.

"Papa, hili ni lako?"

"...Ni langu."

"Basi na weye umo ndani ya hili kosa. Mutu aliyemuvika mutahiniwa nguo hawezi kumufukuza kwa sababu examen imeharibika. Utangoja musimu mwingine pamoja na sisi."

Papa Rukundo aliangalia kabuti, akaangalia wamama wa kwaya, wote wamemukazia macho. Akakohoa. "Mumoja tu," akasema. "Halafu munirudishie kabuti, kifua kinaniuma."

Wakati wanabishana, mutu mumoja alitamka neno dogo lililotuokoa, na kwa haki lazima niseme lilikuwa la bahati tu. Yule mumama wa kwaya alisema: "Musituseme vibaya sana. Kule chini kwenye kijito hata hatukufika, bulangeti ziliisha. Wale tuliwaachia Mungu."

Ingénieur alisimama kama amechomwa na siafu. Tukashuka sote. Kule chini, mahali baridi inapokaa zaidi, mistari ilikuwa ya kusikitisha: majani yameungua, maua yako chini, maganda matupu. Madame aliyekuwa shahidi pale alikuwa amekufa kabisa, na sijawahi kuona watu wanafurahia maiti namna ile. Lakini hapa mumoja, pale mwingine, kulikuwa na wajukuu waliosimama na maganda yamejaa. Wachache. Mumoja mweusi wa kukaa chini, babu yake mutupu, tukamupita. Wengine wekundu, wanapanda fito, wazuri. Hapa examen ilikuwa imefanyika.

Nilimuuliza Ingénieur kwa nini wachache hivyo. Akaniambia uvumilivu wa baridi si jeni moja. Ni nyingi, na kila moja inaleta kidogo. Muzee Bahati akasema ni kama timu ya mupira: goalkeeper peke yake hashindi, lazima uwakusanye wengi ndani ya jersey moja. Ninyi leo munakata kipande cha jani, munakituma laboratoire, na munasomewa majina ya wachezaji kabla muche haujaota maua. Ni vizuri, sina wivu, au nina wivu kidogo tu. Lakini hata hivyo lazima mupande shambani, na lazima muulize mwenye shamba jioni anafanya nini.

Musimu uliofuata tulipanda mbegu za wale wachache tu, shimo nzima. Bulangeti zote zilipelekwa kwa pasta zikafungiwa, na miye nikaachwa pale kumulinda Mama Espérance asiwahurumie. Kazi ngumu kuliko ndoa zote nilizofungisha. Asubuhi za maua alikuwa anasimama mulangoni, mikono kwapani.

"Wanatetemeka, mama. Waangalie."

"Ni upepo."

"Upepo gani? Hakuna upepo. Yule wa pembeni ananiangalia."

"Ni haragi. Hana macho."

"Sema hivyo, weye hukumupanda."

"Nilimufungishia nyanya yake ndoa!"

Tukacheka mupaka tukakaa chini. Lakini jioni hakula, na siku nyingine pia hakula. Alikuwa anapima sufuria kwa macho, anawaza kama itajaa musimu huu.

Siku ya kufungua maganda, Papa Rukundo alikuja na ng'ombe wote, wamesimama kwenye ukingo wa shamba, wananusa. Alikataa maganda tuliyomuchagulia. "Nitachuma mwenyewe," akasema, na hiyo ilikuwa haki yake. Aliingia, akaanza kule chini kabisa kwenye kijito. Anavunja ganda na kidole gumba, anaangalia, anatupa mbegu ndani ya kofia. Si kusema uongo, mistari mingine ilikuwa imekataa, na kila alipokuta ganda tupu Mama Espérance alifunga macho. Lakini mingi haikukataa. Papa Rukundo alivunja na kuvunja, anapanda polepole kuelekea kwetu, mupaka kofia ikawa nzito ikabidi aishike na mikono miwili. Akafika mbele ya shemeji yake. Akamimina mbegu zote kwenye kikwembe chake.

"Shamba ni lako," akasema. Kisha akageukia ng'ombe. "Twende."

Ng'ombe hawakukubali. Walikuwa wameahidiwa shamba hilo misimu miwili, na majani yalikuwa mazuri. Mumoja mukubwa, mwenye pembe za kutisha, akalala kabisa kwenye ukingo. Papa Rukundo akavuta kamba. Ingénieur Justin, na diplome yake yote, akavuta nyuma ya Papa Rukundo. Muzee Bahati akashika mukia akitoa mashauri. Miye niliweka bega langu kwenye matako ya ng'ombe yule na kusukuma, tope mupaka magotini, tukipiga kelele sote kwa lugha zote tunazozijua.

"Shemeji!" Papa Rukundo akaita, amekosa pumzi. "Njoo basi utusaidie!"

Mama Espérance hakugeuka. Alikuwa amekwisha kuingia katikati ya shamba lake, kikwembe kimefungwa kiunoni, na anavuna.